Tomati za Mwezi wa Kumi

Riziki, mwanangu,

Ni saa kumi ya mchana, na wewe umeenda kwa shangazi yako kuaga. Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kiti cha baba yako. Karatasi hizi nimezichana katika daftari lako la zamani la shule. Baba yako yuko dukani na anajua ninachoandika. Ameniambia niandike yote, au niache kabisa.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za chandarua, wala za namna ya kuishi na watu wa Wamaza. Mambo hayo unayajua, na wajomba zako hawatakuacha ulale njaa. Kibangubangu chako, lugha ya kwetu, kina makosa. Watakucheka, kisha watakurekebisha. Nataka kuandika juu ya tomati, kwa sababu ndizo unazoziendea, na kwa sababu kuna jambo moja la tomati linalokuhusu wewe, nami nimelificha miaka kumi na saba.

Uliponiambia kwamba unakwenda kulima shamba la bibi yako kule Wamaza, kwetu Kabambare, na kwamba utapanda tomati za mvua, nilikujibu vibaya. Nilisema tomati za mvua zinataka moyo ambao wewe huna. Uliendelea kuchambua sombe, majani yale ya muhogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa najisema mimi mwenyewe.

Hapa Kasongo kila mtu anaweza kulima tomati za kiangazi. Unashuka bondeni, unamwagilia asubuhi na jioni, jua linafanya kazi yake, na mwezi wa nane soko linajaa mpaka zinaozea ndani ya mabeseni. Shida inaanza mwezi wa kumi. Mvua zimeshika, joto halijapungua, na mmea unakaa kama mtu aliyevikwa nguo mbichi. Majani yanapata madoa, maua yanaanguka kabla ya kushika tunda, na kila tone la mvua linarusha udongo juu ya shina. Ndiyo maana wakati huo tomati hazionekani, na anayezileta sokoni anajulikana kwa jina.

Nilitaka kujulikana kwa jina. Nilikuwa msichana wa Kabambare niliyeolewa katika nyumba ya zamani ya mjini, nyumba ya watu waliofanya biashara tangu mababu, na mama yake baba yako alikuwa akiniita mbele ya wageni "yule wetu wa porini". Hakuwa mtu mbaya, na alikufa mikononi mwangu. Lakini nilitaka siku moja awaambie wageni, "Tomati hizi ni za mke wa mwanangu," katika mwezi ambao nyumba nyingine zinapika mchuzi bila tomati.

Mwaka wa kwanza nilimwaga mbegu mvua zilipokwisha kuanza. Miche ilioza ikiwa na urefu wa kidole. Mwaka wa pili nilianza mapema, mwezi wa nane kama utakavyoanza wewe, chini ya kivuli cha matawi ya mchikichi, nikaihamisha miche mvua ya tatu ilipopita. Ilikua vizuri, lakini niliiacha ilale chini, na kila tunda lililogusa udongo liliharibika. Mwaka wa tatu ndipo nilipofundishwa kuinua matuta ili maji yasisimame, kusimamisha vijiti, na kufunika udongo kwa nyasi kavu. Mwaka huo nilivuna. Mama mkwe aliwaambia wageni, na nilisikia nikiwa jikoni.

Aliyenifundisha ni Mama Josefina.

Najua unamkumbuka. Alikuwa mjane, Mkristo, mwenye watoto watatu, na shamba lake lilikuwa juu ya letu, ng'ambo ya mfereji. Alikuwa akikata vikwembe, vitenge vyake vya zamani, vipande vyembamba, anaufunga mmea kwenye kijiti kwa fundo lililolegea, ili shina lipate nafasi ya kunenepa. Ukichoka kupanda kutoka bondeni, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni, kwa sababu mimi nilikuwa na beseni kichwani. Ulikuwa unamwita Mama Jo. Uliponiuliza baadaye alienda wapi, nilikuambia amefuata biashara ya samaki Nyangwe. Samaki ni kweli, anauza mpaka leo. Lakini hakuondoka hapa kwa kufuata samaki.

Mwaka wa nne, wewe ukiwa na miaka saba, nilitaka shamba kubwa zaidi. Nikachukua kipande cha pembeni ambako mwaka uliotangulia nilikuwa nimepanda biringanya. Biringanya zile zilikufa karibu zote zikiwa bado kijani, nami nilisema ni jua. Mama Josefina alinikuta nikilima pale.

"Mama Riziki, hapa usiweke tomati," aliniambia. "Weka muhindi kwanza, mwaka moja ao mbili. Udongo huu hauko muzuri."

"Udongo wangu naujua," nikamjibu.

Yeye kwake alikuwa ametoa mahindi, ndipo akaweka tomati. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu na sikulitia akilini.

Mwezi wa kumi, maua yakiwa yameanza kushika, nilishuka asubuhi moja nikakuta mimea sita imelegea. Majani yalikuwa yananing'inia kama yamemwagiwa maji ya moto, lakini rangi yake ilikuwa ileile ya kijani. Jioni ikasimama kidogo, nikafurahi. Kesho yake ililala na haikuamka. Siku ya nne ilikuwa imekwenda mistari miwili. Siku ya kumi zilibaki tomati chache pembeni, na hizo nazo zilikuwa zinasubiri zamu yake. Juu yetu, ng'ambo ya mfereji, tomati za Mama Josefina zilikuwa zimesimama na zimebeba.

Ugonjwa mwingine unaacha alama. Unaona doa, unaona uozo, unamwona mdudu. Huu haukuniachia alama yoyote. Mtu akipoteza kitu bila kuona sababu, anaanza kutafuta mtu.

Nilisema kisimani, mbele ya wanawake watano. "Kama zangu zinakufa na zake zinabeba, basi iko mutu anajua sababu." Sikutaja jina, na hakuna aliyeniuliza jina. Kabla ya jua kuzama maneno yalikuwa yamefika kwa shefu, mkuu wa mtaa, yakiwa yamenenepa njiani. Sasa watu walikuwa wanasema kwamba Mama Josefina alionekana shambani kwangu na dawa mkononi.

Baba yako aliniambia, "Ngoja, Mama Riziki. Tutafute kwanza mutu wa kilimo aangalie." Nilimwambia kwamba mtu anayeuza sabuni kivulini hawezi kunifundisha habari za shamba. Akarudi dukani. Baba yako akinyamaza mimi hudhani nimeshinda. Imenichukua maisha kujua kwamba sivyo.

Tuliitwa kwa shefu siku ya Jumapili mchana, uani kwake. Watu walikuwa wengi. Mama Josefina alikuja na kikwembe chake cha kanisani. Shefu alimuuliza kama ni kweli aliingia shambani kwangu.

"Niliingia," alisema. "Siku ya upepo mukali. Tomati zake zilikuwa zimeanguka chini, yeye hakuwako. Nikazifunga."

"Nani alikutuma?" nikauliza.

"Hakuna mutu alinituma. Wewe ungeona zangu zimeanguka, ungeziacha?"

Nikamgeukia shefu, nikamwambia kwamba mtoto wangu alikuwako shambani siku hiyo. Ndivyo ulivyoingia wewe. Sikukuita kwa sababu ulikuwa umeniambia jambo baya juu yake. Ulikuwa umeniambia tu kwamba Mama Jo alikuja. Nilikuita kwa sababu nilijua watu wataamini mtoto.

Shefu alikuvuta karibu, akasema usiogope. "Ulimuona nani shambani kwa mama yako?"

"Mama Jo."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anashika tomati za mama," ukasema. "Alikuwa ana..."

Nikakushika mkono. Nilisema, "Inatosha. Mutoto amesema."

Uliniangalia. Ulikuwa na neno bado mdomoni, na nilijua kwamba unalo. Sikulijua ni neno gani, lakini nilijua kwamba halitanisaidia. Riziki, nataka usome mstari huu vizuri. Ulikuwa unasema kweli, na ungeachwa useme mpaka mwisho, ungemwokoa. Aliyeukata ukweli wako katikati ni mimi.

Shefu hakutoa hukumu kubwa. Alisema kila mmoja abaki kwake, asivuke mfereji. Hukumu ilitolewa na watu. Sombe zake zilianza kurudi nyumbani kutoka sokoni zikiwa zimenyauka. Watoto wake walichekwa shuleni. Asubuhi moja tulikuta tomati zake zimeng'olewa zote, zikiwa na matunda. Mimi sikuzing'oa. Sikuuliza pia ni nani aliyezing'oa.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo katika nyumba hii baba yako peke yake analijua. Siku mbili baada ya baraza nilishuka kung'oa mimea yangu iliyokufa ili niichome. Nilipoishika nikaona, chini ya majani yaliyolala, kila mmoja umefungwa kwenye kijiti kwa kipande cha kikwembe cha bluu ambacho mimi sikuwa nacho, kwa fundo lililolegea. Alikuwa amefunga mistari yote, mpaka wa mwisho. Mama Josefina alikuwa bado hajaondoka. Ningeweza kukusanya vile vipande na kuvipeleka kwa shefu siku ileile. Nilivichoma pamoja na mimea.

Watu wakizungumza juu ya makosa yao husema, "Sikujua." Mimi nilitumia neno hilo miaka mingi, na ni kweli kwamba ule ugonjwa sikuujua. Lakini tangu siku ile ya kuchoma nilijua kwamba yeye hakuwa amenifanyia ubaya. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya watu, na niliona aibu kurudi nyuma. Aibu ile ilinifanya nimwache mama wa watoto watatu apakie vyombo vyake kwenye baiskeli ya kaka yake na kuondoka.

Wewe ulikataa kushuka bondeni baada ya hapo. Nilikuita mvivu. Siku moja tukiwa tunakula uliniuliza, "Mama, Mama Jo ameenda kwa sababu ya mimi?" Nilikuambia nyamaza, kula. Hukuuliza tena. Nimekuona ukikua mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa, watu wanakusifu kwa hilo, na kila wanapokusifu mimi naangalia pembeni.

Miaka miwili baadaye moniteri wa kilimo, mtu wa kufundisha wakulima, alikuja bondeni. Tulikuwa wanawake wengi. Aliomba aonyeshwe mmea unaolegea ukiwa kijani, na haukukosekana. Alikata shina karibu na mzizi, akaomba glasi ya maji safi, akalishika lile shina ili ncha yake iguse maji. Tukangoja. Uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina ndani ya maji, polepole, kama maziwa. Alisema huo ni ugonjwa unaokaa ndani ya udongo. Unapenda tomati, unapenda biringanya na pilipili, na ukishaingia shambani hauna dawa. Ung'oe, uchome, na upande mahindi mahali pale miaka kadhaa.

Mwanamke mmoja aliuliza, "Na mutu hawezi kuutuma kwa mwenzake?"

"Mutu anaweza kujiletea mwenyewe," alisema, "na jembe lake, na matope ya miguu yake."

Wanawake walicheka. Nami nilicheka pamoja nao, kwa sababu aliye kando yangu alikuwa mmoja wa wale watano wa kisimani, na alikuwa ananiangalia.

Ilinichukua miezi minne kwenda Nyangwe. Nilipanda pikipiki na beseni la tomati, nimelifunika vizuri. Nilimkuta Mama Josefina karibu na mto, anageuza samaki juu ya moshi. Alinipa kigoda. Hakuacha kazi yake. Nilimwambia yote, na ya vile vipande vya bluu pia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua utaviona," alisema. "Nilingoja wiki moja. Nilisema, akiziona fundo atakuja."

Nilimwomba msamaha. Alisema nirudi Kasongo, niseme maneno hayohayo palepale uani kwa shefu, mbele ya watu. Nikakubali. Kisha akauliza, "Na mutoto?"

"Mutoto amesahau," nikasema.

"Hajasahau. Mimi niliona macho yake. Uende umwambie kwamba hakufanya kitu. Ukimaliza na yeye, umemaliza na mimi."

Tomati hakuzichukua. Alisema kwao zinapatikana. Nilimpa mwenye pikipiki, akazila na familia yake.

Nilisema kwa shefu, mbele ya watu. Nusu yao walikuwa wameisahau habari yenyewe, wakanisikiliza kama mtu anayeeleza ndoto. Nadhani hilo lilinichoma kuliko kama wangenitukana. Kwangu mimi lilikuwa jambo kubwa, kwa Mama Josefina lilikuwa nyumba na shamba, na kwao lilikuwa mazungumzo ya siku chache. Siku hiyo wewe nilikuwa nimekutuma kwa shangazi yako usisikie. Nilijiambia nitakuambia ukifika miaka kumi. Kisha kumi na mbili. Kisha ukiolewa. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa mimi.

Kule Wamaza mtalima wanawake kumi na mmoja kwenye kijito kimoja, kwa maji yanayotoka shamba hadi shamba. Mtapanda wakati mbaya, kwa makusudi, na mimi sasa nasema mfanye hivyo. Mnaweza kufaulu. Lakini kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja kitu kitakufa kwa mtu, na kwa jirani yake hakitakufa. Waite wote kabla mtu hajafungua mdomo. Kata shina, leta glasi, waache waangalie wenyewe. Ule uzi mweupe ukishuka, mtapoteza tomati tu. Usiposhuka, mtafute sababu nyingine pamoja: maji yaliyosimama, funza, mizizi iliyokatwa na jembe. Ikiwa aliyepoteza ni wewe, na hasira imekushika, kaa nyumbani siku hiyo. Usiende kisimani.

Na mtu mwingine akikuambia udongo wako hauko mzuri, mwulize ameona nini. Mimi kuuliza kulinishinda, na ndiko kungeniokoa.

Mama Josefina yuko hai. Mwanawe wa kwanza ana pikipiki mbili. Kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili, namtumia salamu, naye ananirudishia salamu fupi. Hajawahi kuniita rafiki tena, na sikungoja aniite. Kila mara anamalizia kwa kuuliza, "Mutoto anaendelea namna gani?" Najua anauliza nini. Sijawahi kumjibu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umefika, mimi nikiwa mbali. Nimefikiri tangu nilipoanza ukurasa huu, na nimeona kwamba huko kungekuwa kukimbia mara nyingine. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi sasa hivi, kabla ya chakula. Soma hapa uani. Mimi nitakaa mbele yako mpaka umalize, na ukiwa na neno, useme lote.

Mama yako,
Asha